Usifukie Kabla ya Kupima: Hotuba kwa Makandarasi na Mafundi Wanaojenga Kliniki za Meno

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mafundi, ndugu makandarasi, madaktari na wauguzi wenzangu, na ninyi wamiliki wa kliniki ambao leo mmefunga milango yenu ili mje hapa Mtwara kusikiliza: assalam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana asifiwe.

Nimeombwa nizungumzie viwango ambavyo mkandarasi anapaswa kuvifuata anapojenga au kukarabati chumba cha tiba ya meno. Nazungumza kama daktari wa kinywa na meno aliyefanya kazi katika mikoa hii miwili, Mtwara na Lindi. Mahali nitakapogusa mambo ya kihandisi nitasema tu yale ambayo daktari analazimika kuyajua kwa sababu yanaishia ndani ya kinywa cha mgonjwa wake.

Naomba nianze na jambo lililonikuta. Miaka kadhaa iliyopita nilifanya kazi katika kliniki moja ambayo sitaitaja, iliyokuwa imetoka kukarabatiwa. Chumba kilipendeza kwa marumaru nyeupe, dari ya jipsamu na rangi mpya. Wiki ya tatu baada ya kufungua, harufu ilianza kutoka chini ya kiti. Wiki ya tano, nikiwa nang'oa jino la mama mmoja, maji machafu yalipanda na kujaa kwenye beseni la kutemea, mbele ya macho yake. Tulipovunja sakafu tulikuta bomba la maji machafu limelazwa likipanda badala ya kuteremka kuelekea kwenye shimo, tofauti ya vidole viwili tu katika urefu wa mita nne. Hapakuwa na mchoro wala picha ya kuonyesha lilikopita, hivyo tulivunja sehemu tatu kabla ya kulipata. Kliniki ilifungwa siku tisa. Siku ya nne alifika mzee mmoja kutoka Nanyamba, shavu limevimba hadi jicho limefumba, akaukuta mlango umefungwa. Nilimpima akiwa ameketi barazani, nikampa dawa, nikamwandikia barua aende hospitali ya mkoa. Sijamsahau mzee yule.

Fundi aliyelaza bomba lile hakuwa fundi mbovu. Nyumba alizojenga zimesimama, na mvua hazijazitikisa. Lakini hakuna aliyemweleza kwamba ndani ya bomba lile, pamoja na maji ya kusukutulia, yangepita damu, mate, vipande vya meno na unga wa vizibio, yaani dawa ya kuzibia meno, vitu vizito ambavyo maji yakipunguza mwendo kidogo tu vinatuama na kuoza. Na hakuna aliyeshika pimamaji kuangalia mteremko kabla zege halijamwagwa. Kazi ile ilihitaji dakika kumi za kupima, na dakika hizo hazikutolewa. Ndiyo maana ombi langu kwenu leo, ambalo yote nitakayosema yanatoka ndani yake, ni kwamba katika kliniki ya meno kitu chochote kisifukiwe, kisipigwe plasta wala kufunikwa kwa dari kabla hakijapimwa, kikapigwa picha na vipimo vyake vikaandikwa na kutiwa saini na fundi pamoja na mwenye kliniki.

Ndugu makandarasi, mtu anayekiona kiti cha meno kwa mara ya kwanza huona kiti cha kulalia chenye taa juu yake. Mjenzi anapaswa kuona mahali ambapo njia tano zinakutana katika nafasi isiyozidi mdomo wa ndoo: maji safi, maji machafu, hewa yenye presha, mvuto wa saksheni unaonyonya mate na maji kinywani, na umeme. Kila mtengenezaji hutoa karatasi ya vipimo inayoonyesha mdomo wa kila bomba utokeze wapi na uinuke kiasi gani juu ya sakafu, na karatasi ya kiti cha kampuni moja haifai kwa kiti cha kampuni nyingine. Nimeona sakafu iliyomalizika vizuri ikivunjwa kwa sababu kiti kilinunuliwa baadaye, na midomo ya mabomba ikatokea pale ambapo miguu ya daktari inapaswa kukaa. Kwa hiyo kiwango cha kwanza ninakielekeza kwa wamiliki wenzangu: chagueni kiti, pateni karatasi yake ya vipimo, ndipo mumwite fundi apige mstari. Na wewe fundi, ukiitwa kulaza mabomba bila karatasi hiyo, una haki ya kukataa kuanza kazi, na mwenye kliniki aliye mwaminifu atakushukuru.

Sisi wa Kusini tuna sababu ya ziada ya kuwa waangalifu. Vipuri vingi vinatoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa, na mnakumbuka Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, jinsi mafuriko yalivyoikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam. Kosa ambalo mahali pengine linarekebishwa kesho yake, huku linaweza kufunga kliniki kwa wiki nzima, na mgonjwa wa Newala au Liwale huenda hana kliniki nyingine ya meno jirani.

Tuyatazame maji, kwa sababu hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Mipira midogo inayopeleka maji kwenye kiti ni myembamba, na maji hukaa humo yakiwa yametulia usiku kucha na mwisho wote wa juma. Katika hali hiyo vimelea hujishikiza kwenye kuta za mpira na kujenga utando mtelezi, kisha asubuhi, mashine ya kuchonga jino inapowashwa, maji hayo hugeuka ukungu ambao mgonjwa anauvuta pamoja na daktari na msaidizi wake. Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani kinataka maji yanayotumika katika tiba ya kawaida ya meno yasizidi makundi 500 ya bakteria kwa kila mililita moja. Mwaka 2011 nchini Italia, bibi mwenye umri wa miaka 82 alifariki kwa homa ya mapafu ya Legionella, na bakteria waliomuua walilinganishwa na wale waliopatikana kwenye maji ya kiti cha meno alichotibiwa. Mwaka 2016 mjini Anaheim, Marekani, makumi ya watoto waliotibiwa mizizi ya meno ya utotoni walipata maambukizi mabaya ya taya yaliyotokana na maji ya kliniki. Jambo linalotuhusu sisi tuliomo humu ni hili: mfumo wa maji wa kliniki ile ulibadilishwa ukawekwa mwingine, na bakteria wa jamii ileile wakaonekana tena katika mfumo huo mpya. Bomba jipya, ndugu zangu, halimaanishi bomba safi.

Sasa tazameni desturi yetu. Tangi la plastiki linawekwa juu ya mnara au juu ya paa, linapigwa na jua la Mtwara kutwa nzima, na kutoka humo bomba linashuka nje ya ukuta upande wa magharibi hadi kwenye kiti. Legionella hustawi katika maji yenye joto kati ya nyuzi 20 na 45, na huo ndio uvuguvugu wa maji ya tangi letu karibu mwaka mzima. Mkandarasi anaweza kuondoa sehemu kubwa ya hatari hii bila gharama kubwa, akiliwekea tangi kivuli, akilifunika kwa mfuniko unaobana usiopitisha wadudu wala mwanga, akilaza bomba ndani ya ukuta au kulivika kinga ya joto, na akifanya njia ya kwenda kwenye kiti iwe fupi kadiri inavyowezekana. Jambo ambalo mafundi bomba wengi hawajaambiwa ni lile la vipande vya bomba vilivyozibwa mwisho. Sinki likihamishwa, fundi hukata bomba, hufunga kizibo na kufukia kipande kilichobaki. Ndani ya kipande hicho maji hayatembei kamwe, vimelea huzaliana humo kwa raha, na kila mara valvu inapofunguliwa hurudi kidogo kidogo kwenye maji yanayotumika. Katika kliniki ya meno kipande cha namna hiyo kinakatwa hadi kwenye kiungo chake cha mwanzo, hata kama itabidi kubandua marumaru mbili.

Mabomba yakishalazwa yajaribiwe kwa presha inayozidi ile ya kawaida ya kazi, mara moja na nusu, na fundi asubiri akiangalia geji badala ya kwenda kunywa chai. Kisha yasafishwe kwa maji mengi mpaka mchanga na gundi viishe, yajazwe maji yenye klorini ya miligramu 50 kwa lita, yakae saa moja, na yasuuzwe tena mpaka harufu ya klorini iishe. Kazi hiyo ifanyike kabla kiti hakijaunganishwa, kwa sababu klorini nyingi hivyo itaharibu valvu za ndani. Pia bomba la maji ya mji lisiunganishwe moja kwa moja na mashine yoyote inayoweza kurudisha uchafu nyuma presha inapokatika, na sote tunajua presha hukatika mara ngapi. Liwepo pengo la hewa kati ya mdomo wa bomba na maji yaliyomo kwenye mashine, au valvu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, mahali ambapo inaweza kukaguliwa.

Kuhusu maji machafu nimeshawasimulia yaliyonikuta. Mteremko wa bomba la saksheni na la beseni usipungue sentimita moja kwa kila mita, usiwe na bonde katikati, na kila kona iwe na kifuniko cha kufungulia. Mnaojua kupima kwa mpira wa maji, kama walivyofanya wazee wetu tangu zamani, mna kifaa cha kutosha kabisa, mradi kitumike kabla ya zege.

Hewa ni jambo ambalo halionekani, na kwa hiyo linasahaulika. Kichwa cha mashine ya kuchonga jino huzunguka zaidi ya mara 300,000 kwa dakika, kikiendeshwa na hewa peke yake, na hewa hiyohiyo hupulizwa ndani ya jino lililo wazi ili kulikausha. Kompresa ya kliniki lazima iwe ya aina isiyotumia mafuta na iwe na kikaushio, kwa sababu unyevu wa pwani yetu ukibanwa ndani ya tangi unageuka maji, na maji hayo yakifika kwenye kizibio kinachotakiwa kushika mahali pakavu, kizibio kinabanduka baada ya miezi michache na mgonjwa anamlaumu daktari. Kompresa ya kujazia matairi haifai, hata kama bei yake inavutia. Mkandarasi naye aangalie kompresa inavuta hewa kutoka wapi. Nimewahi kuingia kwenye kliniki ambako ilikuwa imefungiwa stoo moja na jenereta, na kila umeme ulipokatika wagonjwa walilalamika kwamba wanasikia ladha ya dizeli mdomoni. Walikuwa wanasema kweli. Mdomo wa kuvuta hewa uwekwe mbali na moshi, mbali na choo, na wakati wa ukarabati uzibwe kabla grinda ya kwanza haijawashwa. Mabomba ya hewa nayo yasiwe ya PVC ya kawaida, ambayo chini ya presha yanaweza kupasuka vipande kama kioo.

Juu ya umeme nitasema machache, kwa sababu wengi wenu mnaujua kuliko mimi. Mgonjwa wa meno amelala juu ya kiti cha chuma, mdomo wake umejaa maji, na daktari ameshika chombo kinachotumia umeme. Kila mzunguko wa chumba hicho uwe na kikata umeme chenye uwezo wa kukata kwa miliampia 30, mashine ya kusafishia vyombo kwa mvuke iwe na mzunguko wake peke yake, na athi, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme uliovuja, ipimwe kwa mita. Nasisitiza kupimwa kwa sababu udongo wetu wa kichanga ukikauka, hasa kati ya Julai na Oktoba, nondo ya athi iliyofanya kazi vizuri wakati wa mvua inaweza isifanye kazi ipasavyo. Ipimeni wakati wa kiangazi, na namba iandikwe.

Ukuta wa chumba cha eksirei unahitaji maelezo marefu zaidi, maana hapo kosa halitoi harufu wala halivuji. Kwa Sheria ya Nguvu za Atomiki ya mwaka 2003, mashine ya eksirei haiwekwi wala kutumika bila kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, yenye makao yake makuu Arusha, na kibali kinahusu chumba pamoja na mashine. Kikomo kinachokubalika kimataifa ni kwamba mtu wa kawaida, kama jirani aliye upande wa pili wa ukuta au mama anayesubiri kwenye benchi, asipate mionzi ya zaidi ya milisiveti 1 kwa mwaka kutokana na kazi hizo. Unene wa ukuta unatokana na hesabu ya mtaalamu wa mionzi, akizingatia mashine, idadi ya picha kwa wiki na nani anakaa upande wa pili, hivyo fundi asikisie. Kuna mambo matatu yanayoharibu hesabu hiyo kimyakimya. La kwanza ni tofali za zege zenye matundu, ambazo kwa kipimo cha nje ni nene lakini ndani ni hewa. Hesabu ikisema tofali imara, iwe imara kweli. La pili ni karatasi ya madini ya risasi, inayozuia mionzi, ambayo fundi ameiunganisha kwa kugusanisha kingo bila kuzipandisha moja juu ya nyingine, ukabaki mwanya mwembamba ambao mionzi inaupita. La tatu, ambalo nimeliona zaidi, ni fundi umeme anayefika mwisho, baada ya kila mtu kuondoka, akachimba ukuta uleule na kupachika soketi mbili zinazopeana migongo. Ukuta uliolipiwa kwa gharama kubwa umetobolewa kwa kazi ya dakika ishirini. Picha iliyopigwa kabla ya plasta, ikiwa na futikamba imelazwa juu ya ukuta ili vipimo vionekane, ndiyo itakayomwambia mkaguzi, na fundi wa miaka kumi ijayo, kilichomo ndani.

Mahali hapa niseme neno kuhusu nyumba za zamani za Mikindani na Lindi mjini, ambazo baadhi ya wenzetu wanazitamani kwa kliniki kwa sababu ya unene wa kuta na ubaridi wake. Kuta zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na zinapumua. Mkizipaka plasta ya saruji na rangi ya mafuta kwa kusudi la kuzifanya zioshike, unyevu na chumvi vitafungiwa ndani, na baada ya misimu miwili plasta itavimba na ukungu utatokea nyuma ya makabati. Tumieni plasta ya chokaa, na mahali panapohitaji kuoshwa kila siku wekeni ubao wa kuoshika uliosimamishwa mbele ya ukuta, wenye nafasi ya hewa nyuma yake. Na kwa ujenzi mpya, ndugu zangu, mchanga wa ufukweni usiingie kwenye zege. Chumvi yake hula nondo, na zege lililobeba kiti kizito haliwezi kuvunjwa kila baada ya miaka mitano.

Chumba cha kusafishia vyombo kinataka jambo moja tu ambalo lisipoeleweka hakuna kitu kingine kitakachosaidia: vyombo viingie vichafu upande mmoja na kutoka safi upande mwingine, visikutane njiani. Sinki la kuoshea vyombo liwe tofauti na la kunawia mikono, meza isiwe na maungio yanayoficha uchafu, na mashine ya mvuke, inayofika nyuzi 134, ipewe njia ya kutolea joto ili chumba kisigeuke tanuri. Milango ipitishe kiti cha magurudumu, yaani upana usiopungua sentimita 90, na ngazi ya mbele iwe na mteremko wa kupandia kando yake. Sakafu isiteleze, na pembe zake za ukutani ziviringwe ili ufagio wa maji ufike.

Sasa nije kwenye ukarabati unaofanyika wakati kliniki inaendelea kutibu, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi mnayopewa mara nyingi. Vumbi la kukata zege na marumaru lina silika, ambayo ikivutwa miaka na miaka inayatia makovu mapafu ya fundi na haina tiba ya kuyarudisha. Vumbi la kubomoa ukuta wenye unyevu linabeba mbegu za ukungu wa Aspergillus, ambazo mtu mwenye afya anazivuta bila kudhurika, lakini mgonjwa wa saratani au mwenye kinga iliyoshuka sana anaweza kuuawa nazo. Kwa hiyo turubai lililoning'inizwa mlangoni halitoshi. Kizuizi kitoke sakafuni hadi juu, na neno juu lina maana ya kupita dari ya jipsamu mpaka chini ya bati, kwa sababu vumbi linapanda, linatembea juu ya dari, na kushukia kwenye chumba cha tatu ambako mgonjwa amefungua kinywa. Kiyoyozi kizimwe na kufunikwa, feni iwekwe ya kuvuta hewa kutoka eneo la kazi kwenda nje, ukataji ufanyike kwa maji, na kifusi kitoke kwa njia ya nyuma kikiwa kimefunikwa kwenye toroli. Kufagia kukavu kusiwepo kabisa. Mwisho wa kila siku papanguswe kwa kitambaa kibichi, na muuguzi wa zamu akague kwa kupitisha kidole cheupe cha glovu juu ya makabati kabla hajaruhusu chumba kitumike. Kazi za kelele na mtikisiko ziende jioni au Jumapili. Nawasihi wamiliki wasipange kubomoa kuta Oktoba na Novemba, wakati fedha za minada ya korosho zinapoanza kuingia na watu waliovumilia maumivu ya meno mwaka mzima wanapopata nauli na ada ya kuja. Msifunge mlango miezi hiyo.

Afya ya mafundi wenyewe haina budi kuwa sehemu ya mkataba. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inawahusu vibarua wenu kama inavyotuhusu sisi. Nyuma ya kabati la zamani la daktari wa meno kunaweza kuwa na sindano iliyodondoka miaka sita iliyopita. Mtu asitie mkono mtupu huko, na kibarua atakayefanya kazi humo kwa wiki kadhaa apewe chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo mwenye kliniki anaweza kuisimamia. Vilevile, kizibio cha zamani cha rangi ya fedha, amalgamu, karibu nusu yake ni zebaki, ambayo ni sumu. Mabaki yake hutulia kwenye kona ya bomba chini ya beseni. Fundi anayefungua kona hiyo asimwage uchafu wake uani, asilichome bomba kwa moto ili kulikunja, na asiwauzie wanunuzi wa vyuma chakavu. Dunia ilikubaliana juu ya zebaki katika Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika 2017, na uchafu huo unakusanywa kwenye chombo kinachofungwa na kukabidhiwa kwa mwenye kliniki, ambaye ndiye mwenye wajibu wa kuupeleka panapostahili. Karatasi ya risasi iliyong'olewa ukutani nayo inafuata njia hiyohiyo.

Ndugu Mwenyekiti, nimalizie upande wa mikataba. Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, inawapanga makandarasi wa majengo katika madaraja saba kwa kadiri ya ukubwa wa kazi wanazoruhusiwa kufanya. Daraja linaonyesha ukubwa wa kazi mnayoweza kubeba, lakini halituambii kama mmewahi kulaza bomba la saksheni. Kwa hiyo naomba mwenye kliniki aulize maswali kabla ya kutia saini: nani atakuwepo kwenye kazi kila siku, nani atapima mteremko, nani atajaza kitabu cha kazi zilizofukiwa. Gharama za kupima, kusafisha mabomba na kuweka vizuizi vya vumbi ziandikwe kwenye makadirio kama vipengele vyenye bei yake. Zikifichwa ndani ya bei ya jumla, ndizo zinazokatwa kwanza mteja anapoomba apunguziwe, na katika jambo hili lawama kubwa ni yetu sisi wateja, tunaotaka kazi ya hospitali kwa bei ya duka. Kwa vituo vya afya vya serikali vinavyojengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti, ambako fundi wa kijiji ndiye anayejenga na kamati ndiyo inayosimamia, naiomba kamati imwite mtaalamu wa meno wa wilaya aje aone sakafu ikiwa bado wazi. Safari moja ya bodaboda itatosha.

Malipo ya hatua ya sakafu yasitolewe mpaka karatasi ya vipimo na picha vikabidhiwe, nakala moja ikae kliniki na nyingine kwa mkandarasi. Na kipindi cha uangalizi, ambacho fedha ya zuio, yaani sehemu ya malipo ya mkandarasi, inashikiliwa, kisipungue msimu mmoja mzima wa mvua, yaani kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, kwa kuwa paa, mashimo na mifereji ya Kusini haijajaribiwa mpaka mvua hizo zipite.

Jumamosi hii, saa tatu asubuhi, kwenye kliniki ninayofanyia kazi sasa tunaweka kiti cha pili, na sakafu bado haijamwagwa zege. Mabomba yote matano yapo wazi, karatasi ya vipimo imebandikwa ukutani, na fundi wetu ameridhia mumwone akipima. Nawaalika mafundi bomba na mafundi umeme, pamoja na vijana wanaojifunza kazi chini yao. Njooni na pimamaji zenu, mpime wenyewe, na mkikuta mahali tumekosea tutarekebisha hapohapo, kabla toroli la kwanza la zege halijaingia saa nane mchana.